Mti Ukichanua Siku Zisizo Zake

Ndugu Mwenyekiti, wazee wangu, mama zangu, shikamooni. Vijana, hamjambo. Ahsanteni kwa kunialika, na ahsanteni zaidi kwa kuja siku ambayo kila mtu ameacha jembe linamngoja nyumbani.

Nilitoka kwangu maneno yangu nimeshayapanga. Lakini nilipofika asubuhi, kabla hata sijapewa kiti, kijana mmoja alinishika mkono akanizungusha nyuma ya jengo hili kunionesha mchungwa. Baadhi yenu mmeshauona. Majani yamepiga njano, mengi yamepukutika, vijiti vya juu vimekauka. Na bado mti umejifunika maua meupe, harufu yake unaipata kabla hujaufikia. Yule kijana akaniuliza, "Mama, hii si neema hii?" Nikamwambia asubiri, jibu lake nitalitoa mbele ya watu, maana swali lake ndilo lililonileta hapa.

Nilikuwa bibi shamba kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na sasa nalima miembe, michungwa na minazi michache hapa hapa Mkuranga. Maswali ya mbolea na dawa nimeulizwa sana, na watu huyauliza hadharani. Lakini liko swali ambalo mtu hunivuta pembeni kwanza, kisha akaliuliza kwa sauti ya chini kama anayeulizia hali ya mgonjwa: mti wangu umechanua wakati si wake, kuna nini?

Tangu mwaka 2024 swali hilo limezidi, na sishangai. Mnakumbuka miezi ile ilivyofuatana. Vuli ya 2023 ilikuja na El Niño, mvua ikapiga bila kupumzika, na Desemba tukasikia habari ya Hanang, tope lilivyoshuka mlimani likaifunika Katesh. Masika nayo ikaleta mafuriko Rufiji na kwingineko. Mwisho wa Aprili Waziri Mkuu aliliambia Bunge kwamba watu 155 walikuwa wameshapoteza maisha nchini. Hatujafuta machozi, Mei ikaingia na Mamlaka ya Hali ya Hewa ikatangaza Kimbunga Hidaya. Kilitua Mafia tarehe 4 Mei. Kilikuwa kimeshapungua nguvu, lakini huku kwetu bara tulipata upepo wa kutosha kulaza migomba na kuivua miembe majani.

Ilipofika Julai, miembe ikaanza kuonesha mambo. Wangu mmoja wa dodo, mti niliourithi, ulichanua upande mmoja tu. Upande wa pili ulikuwa na majani machanga mekundu, mti mzima umekaa kama umevaa nguo mbili. Wiki ile ile niliitwa na mama mmoja jirani. Mwembe wake nao ulikuwa hivyo hivyo, nusu maua nusu majani, isipokuwa kwake upande uliochanua ni ule unaotazama kaburi la mumewe. Watu walikuwa wameshamwambia mengi. Alikuwa ameshaita mtu wa msumeno.

Sikucheka, na ninyi msicheke. Mtu aliyefiwa, kisha akapitia mwaka kama ule, ana haki ya kutafuta maana katika kila kitu. Lakini niliuzunguka mti ule mara mbili, nikatazama nyumba ilipokaa, nikaona jibu. Nyumba imejengwa karibu sana na upande wa kaburi. Upepo wa Mei ulipokuja, nyumba iliukinga upande ule, majani yake ya zamani yakabaki. Upande wa wazi ukavuliwa majani yote. Nikamwambia: "Mama, nyumba hii nani aliijenga?" Akasema, "Marehemu." Nikamwambia, "Basi nyumba yake ndiyo iliyoukinga mti, ndiyo maana upande huu umechanua." Akanyamaza kidogo. Kisha akamwambia mtu wa msumeno arudi kwao.

Ua la leo ni habari ya yaliyopita, si utabiri wa yajayo. Hilo ndilo neno langu, na mengine yote nitakayosema ni kulifafanua.

Kila ncha ya kijiti cha mwembe ina jicho. Jicho hilo hulala kwa wiki na miezi, na siku likiamka lina njia mbili, kutoa majani au kutoa maua. Haliamui mapema. Linaamua pale pale linapoanza kuamka, kwa hali linayoikuta. Likikuta usiku una baridi na majani ya kijiti chake yamekomaa, linatoa maua. Likikuta joto, maji tele na kijiti bado kichanga, linatoa majani, yale mekundu yanayoning'inia kama kitambaa kilicholowa. Ndiyo maana miembe yetu huchanua wakati wa kipupwe. Usiku wa Julai huku Pwani joto hushuka mpaka nyuzi 19 au 18, kusi inavuma, ardhi imeanza kukauka baada ya masika, na vijiti vilivyoota mapema vimeshakaa miezi minne au mitano bila kuota tena. Katika nchi za joto kama yetu, umri huo wa kijiti una neno kubwa kuliko hata baridi yenyewe.

Wataalamu wa mimea wanaeleza kwamba amri ya kuchanua hutengenezwa ndani ya majani yaliyokomaa, kisha husafiri pamoja na chakula cha mti mpaka kwenye jicho. Kipo kichocheo kingine kinachopingana nayo, jiberelini, ambacho kikiwa kingi husukuma jicho kuelekea kwenye majani. Sasa uweke upepo wa Mei juu ya mambo hayo. Tawi lililovuliwa majani halina pa kutengenezea amri. Macho yake yanaamka kwa mshtuko, ardhi ina maji ya masika, na kazi ya kwanza ya mti ni kujivika nguo upya. Tawi lililokingwa linaendelea na kalenda yake kama kawaida. Mwembe hauna kichwa kimoja kinachoamuru mwili wote. Kila tawi kubwa linajiendesha kama kaya yenye jiko lake. Upande wa wazi wa mwembe wa yule mama ulichanua Novemba, vijiti vyake vilipotimiza umri, na maua yalikuwa machache.

Upepo ni mmoja tu wa wanaovuruga kalenda. Mwingine ni kiu, na huyu tunamjua sote bila kumtaja jina. Tazameni mabogenivilea ya mjini Dar es Salaam: yule anayemwagilia kila siku anapata majani, na yule aliyesahau ndoo mwezi mzima anapata ukuta mzima wa rangi. Mchungwa, mlimao na mkomamanga vina tabia hiyo hiyo. Ukikaa na kiu kwa wiki kadhaa mti unasimamisha kuota, macho yake yanajiandaa kimya kimya, na mvua ya kwanza nzito ikidondoka unaona maua ndani ya wiki tatu au nne. Kahawa ni hodari zaidi ya wote kwa jambo hili. Macho ya maua ya mbuni hukaa yamefumba kiangazi chote, yanangoja mvua ya kutosha kulowanisha ardhi kidogo. Siku nane, kumi baadaye shamba lote jeupe, linanukia kama asumini. Mvua zikija kwa vipande, leo kidogo, baada ya wiki mbili kidogo tena, maua nayo yanakuja kwa mafungu, na mkulima wa Kilimanjaro atachuma kijiti kimoja mara nne au tano, kwa sababu punje nyekundu na kijani zimekaa pamoja. Joto likizidi sana wakati wa kiangazi, mbuni hutoa maua madogo ya kijani, magumu, yaliyokaa kama nyota. Hayo hayafungi tunda.

Nchi nyingine wameitazama kiu hii wakaigeuza kuwa kazi. Katika kisiwa cha Sicily, Italia, wakulima wa malimao huunyima mti maji kwa makusudi Juni na Julai, mpaka majani yanajikunja. Kisha wanafungulia maji na kutia mbolea. Mti unachanua Agosti au Septemba, na malimao yake yanakuwa tayari majira ya joto ya mwaka unaofuata, wakati malimao ya kawaida yamekwisha sokoni. India hufanya hivyo kwa michungwa, mikomamanga na mipera, na mkulima huchagua mwenyewe msimu gani wa maua autake. Na upepo nao umeigwa. Huko Batu, Java ya Mashariki, wanalima matofaa, yale ya Ulaya, katika nchi ambayo haina baridi ya kuyalaza. Wakishavuna, wanayapukutisha majani ya mti mzima kwa mikono, jani kwa jani. Mti unachanua upya, nao wanavuna mara mbili kwa mwaka. Fikirini watu wanaofanya kwa vidole vyao kile ambacho kimbunga kilitufanyia usiku mmoja tukalia.

Hata moshi. Wakulima wa Ufilipino walikuwa wakiwasha majani mabichi chini ya mwembe, wakaufukiza kwa siku nyingi mfululizo mpaka uchanue. Mwanasayansi wao Ramon Barba, katika miaka ya 1970, alionesha kwamba kunyunyizia maji yenye nitrati ya potasiamu kunafanya kazi hiyo bila moshi, almuradi majani yawe yamekomaa. Alisajili ugunduzi wake, lakini hakuwatoza wakulima. Mtu huyo namheshimu sana. Nanasi nalo husikia moshi; visiwani Azores, karne ya 19, moshi ndani ya nyumba za vioo uliyafanya mananasi yote yachanue pamoja, na baadaye ikajulikana kwamba ndani ya moshi mna gesi ya ethilini, ile ile inayotoka kwenye ndizi mbivu. Na ninyi mnaolima mananasi, nadhani wengine mmeshaona hili: mche uliolazwa chini na upepo au maji huchanua kabla ya wenzake waliosimama. Watafiti walilithibitisha hilo katika miaka ya 1940 kwa kuilaza miche makusudi. Mmea ukilala, vichocheo vilivyomo ndani yake vinabadili mwendo, ethilini inaongezeka, nanasi linatoa ua.

Kwa hiyo wale wazee wanaopigilia mwembe misumari au kuuchanja gome kwa panga hawakuwa wakifanya uchawi. Sukari inayotengenezwa na majani hushuka kwenda mizizini kupitia gome. Ukilikata, inakwama juu, na matawi yaliyoshiba huelekea kuchanua. Lakini nawaombeni msifanye. Nimeona miti mizuri iliyokatwa gome kuizunguka yote ikafa imesimama, na nimeona jeraha dogo la panga likawa mlango wa kuoza shina zima.

Nije kwenye maji mengi, kwa sababu hapo ndipo watu wengi hukosea. Mwaka 2024 nilionesha kundi la wakulima michungwa iliyosimama ndani ya maji wiki tatu, majani yamenyauka, na mmoja akaniambia mti una kiu, tuumwagilie. Alikuwa nusu sahihi. Mti ule ulikuwa na kiu kweli, kiu ndani ya maji. Mizizi inapumua. Udongo ukijaa maji hewa inaondoka, mizizi inazimia, nayo ikizimia haivuti maji hata kama yako magotini. Huku juu majani yanaona ukame. Wakati huo huo mizizi iliyobanwa inapandisha kemikali ambayo ikifika juu inakuwa ethilini, na majani yanadondoka. Maji yakipungua, mti uliopona kwa kiasi unafanya kile kile ambacho ungefanya baada ya ukame wa kweli: unachanua. Mafuriko na ukame, kwa macho ya mchungwa, vinaweza kuwa kitu kimoja.

Na mgomba? Mnazijua zile habari za mgomba uliozaa ubavuni, watu wanatoka vijiji vya mbali kuja kuutazama, wengine wanaacha na sarafu. Mkungu huumbika chini kabisa, karibu na ardhi, kisha hupanda ndani ya shina mpaka utokee juu kwenye koo. Mgomba ukidumaa kwa ukame au baridi, mashina ya majani yanabanana pale juu, koo linafunga. Mkungu ukifika unakuta hakuna njia, na nguvu ya kusukuma bado unayo, unapasua ubavu. Shina likivunjwa na upepo wakati mkungu uko njiani, nao hutokea pale pale palipovunjika. Ndizi zake huwa ndogo lakini zinalika. Mpapai dume uliozaa mapapai yanayoning'inia kwenye vikonyo virefu nao ni hivyo. Maua ya mpapai hubadilika kwa hali ya hewa, na dume likipata majira ya ubaridi linaweza kutoa maua machache yenye sehemu zote mbili. Mpapai wenye maua ya jinsi mbili, ukichomwa na joto na kiu, hufanya kinyume, unatoa maua ya kiume matupu, ndiyo maana unaona papai, papai, kisha pengo refu shinani, kisha papai tena. Ukilipima pengo lile unaweza kujua wiki zile za joto zilikuwa lini.

Sasa nirudi kwenye neno la yule kijana, neema.

Sikatai kwamba embe la Mei au Juni lina bei. Nami nimeuza. Lakini mti una akiba yake, wanga uliowekwa mizizini na kwenye shina wakati wa raha. Mti uliopoteza majani hauna kiwanda. Maua yote na matunda yote ya miezi ile yanalipwa kutoka kwenye akiba. Huko Florida ipo chenza iitwayo Murcott inayojulikana kwa balaa hili: ikibeba mzigo mkubwa usiopunguzwa, mizizi inaishiwa wanga, majani yanapukutika, na mti unaweza kufa matunda yakiwa bado juu yake. Miembe yetu haifiki huko mara nyingi, ila mtaona mwaka unaofuata mti umekaa kimya, majani tu. Watu wanasema umerogwa. Umechoka.

Halafu maua ya nje ya msimu hukutana na adui ambao maua ya msimu huwakwepa. Ua la mwembe linataka siku kavu. Likichanua wakati wa mvua, chule, ule ugonjwa wa kuvu, inaligeuza jeusi kwa siku chache, embe changa zinadondoka zikiwa kama punje za choroko. Hata katika msimu wenyewe, mvua za mchoo zikizidi Julai na Agosti, ubwiriunga, ile kuvu inayokaa kama unga mweupe, unashuka kwenye mashada, na wenzetu wa korosho kusini wanaujua kuliko mimi, wao ndio wanaoamka alfajiri kupuliza salfa. Na yuko nzi wa matunda, yule mgeni kutoka Asia aliyegunduliwa Kenya mwaka 2003 akaenea kote kwetu. Zamani, maembe yakiisha, kizazi chake kilipungua kwa njaa. Mti mmoja unaozaa Mei, mwingine Juni, unamvusha salama mpaka msimu mkubwa. Ukiwa na mti kama huo, usiache embe hata moja lioze chini. Lifukie kwenye shimo refu, au tia kwenye mfuko mweusi, funga, anika juani mpaka funza wafe. Hili nawaomba hata kama mengine yote mtayasahau, kwa sababu nzi wa kwako ni nzi wa jirani yako.

Minazi nimeiacha kwa makusudi, kwa kuwa yenyewe haina haraka ya kusema. Mwembe unakujibu ndani ya miezi miwili. Mnazi, karara, lile ala la maua, unaloliona likipasuka leo lilianza kuumbika ndani ya moyo wa mti zaidi ya miaka miwili nyuma, na kutoka ua mpaka nazi kavu ni mwaka mwingine. Mti ukipata shida, dalili ya kwanza ni vidaka, vile vinazi vichanga kabisa, kupukutika. Lakini pigo kubwa linakuja baadaye, wakati umeshasahau: makole, yaani mikungu ya nazi, membamba, vitale vichache, mwaka mmoja na nusu, miaka miwili baada ya ukame au kimbunga. Mtu anaanza kutafuta mchawi wa mwaka huu kwa kosa la mwaka juzi.

Kisiwani Unguja walilipa zaidi ya hapo. Tarehe 15 Aprili 1872, Sultani Barghash akiwa madarakani mwaka wa pili, kimbunga kiliangusha takriban theluthi mbili ya mikarafuu na minazi ya kisiwa kile. Pemba kiliikosa kwa sehemu kubwa. Mkarafuu hauzai kesho. Mche uliopandwa baada ya kimbunga ulihitaji miaka sita, minane au zaidi ndipo uchumwe. Pemba ikachukua uongozi wa karafuu, na mpaka leo anayetaja karafuu anaitaja Pemba kwanza. Usiku mmoja wa upepo ulihamisha zao kutoka kisiwa hadi kisiwa. Huku bara, Aprili 1952, kimbunga kingine kilipiga Lindi. Kwa hiyo Hidaya haikuwa ya kwanza, hata kama wengi wetu hatujawahi kuona kitu kama hicho.

Nikifikiria miaka hiyo, kinachoniuma ni kwamba hatujui miti iliyobaki ilifanya nini. Ilichanua lini? Upande upi? Ilikaa miaka mingapi bila kuzaa? Waliokuwepo waliona, wakasimuliana, wakafa nayo. Na si kwamba watu wa Pwani hawakuwa na hesabu. Wazee wetu walikuwa na mwaka wa jua, wakihesabu miongo, siku kumi kumi, tangu Nairuzi, ile siku ya mwaka ambayo Makunduchi bado wanaiadhimisha kila Julai kwa Mwaka Kogwa. Mkulima alijua mwongo wa kupanda na nahodha alijua mwongo wa kusafiri. Japani wanayo kumbukumbu ya maua ya micheri, wanayoiita sakura, ya mji wa Kyoto iliyoanza karne ya 9, ndiyo iliyowawezesha kusema kwa uhakika kwamba mwaka 2021 maua yalifikia kilele tarehe 26 Machi, mapema kuliko miaka yote iliyokuwa imeandikwa kabla yake. Macho hata sisi tunayo. Tunachokosa ni daftari.

Nimekuja na langu, hili hapa, la shule, la kurasa 80. Nasoma ukurasa mmoja tu: "Dodo kubwa. 5 Mei upepo, upande wa kusini majani yameisha. 11 Juni majani mekundu upande wa kusini. 19 Julai maua upande wa kaskazini. 2 Agosti mvua ya mchoo siku tatu. 10 Agosti maua meusi nusu." Basi. Hakuna elimu kubwa hapo. Lakini mwaka uliofuata, kijana wa ugani alipokuja kuuliza kwa nini mavuno yangu yalikuwa nusu, sikuhitaji kukisia. Wenye simu wapige picha, tarehe inajiandika yenyewe. Watoto wa shule wapewe kila mmoja mti wake wa kuutazama, mwembe, mkrismasi, mkwaju, wowote ule.

Na mti wenyewe, baada ya mwaka mgumu, mfanyie unavyomfanyia mzazi aliyetoka kujifungua. Kata matawi yaliyovunjika tu, kwa msumeno, mkato safi. Usipogoe kwa hamaki. Weka majani makavu na samadi iliyooza, mbali kidogo na shina. Maji yaliyosimama yapewe njia. Na mti uliodhoofika ukichanua sana, pukutisha maua. Naona nyuso zenu. Najua linauma, mimi mwenyewe mara ya kwanza mikono ilikataa. Acha shada moja kwa kila mashada matatu, kama huwezi kuyatoa yote.

Kijana wangu wa mchungwa yuko wapi? Njoo mbele. Uliponionesha mti ule nilitazama juu, kisha nikatazama bati. Mfereji wa paa lote la jengo hili unamwagikia pale shinani. Vuli zote hizi, masika zote hizi, mti umekuwa ukiogeshwa miguu usiku na mchana. Na pale chini, karibu na ardhi, kuna gundi ya rangi ya asali inatoka kwenye gome. Hiyo dalili siipendi. Maua yale yanaweza kuwa ya mti unaopona, au ya mti unaotumia senti yake ya mwisho, na kwa kuyatazama tu huwezi kutofautisha. Inabidi tufukue. Mzizi mzima ukiukwaruza ni mweupe na mgumu. Uliooza, ganda lake linavuka mkononi kama soksi, ndani kunabaki uzi. Tukikuta mizizi mingi bado mizima, leo hii tunahamisha mfereji, tunapukutisha maua, tunaondoa udongo uliolifunika shina. Tukikuta imeoza kuzunguka pote, tutajua la kufanya.

Naomba jembe moja na kisu chenye makali. Wazee wangu, kama mnaweza kutembea, twendeni wote.